Tulimkataza kunguruma: kisa cha Shaba na Tausi

Naandika hiki kisa chote kwa sababu ndani ya wiki mbili nimepigiwa simu na watu watatu wenye shida ileile, mbwa wawili majike wa nyumba moja wanang'atana mpaka damu, na wote watatu wameniambia maneno yaleyale, "wameanza tu ghafla, bila sababu yoyote." Na sisi tulisema hivyohivyo. Haikuwa ghafla. Sisi wenyewe ndo tuliifanya ionekane ghafla, na imenichukua miezi mingi kulielewa hilo, kwahiyo ngoja nieleze yote toka mwanzo, hata pale ambapo kosa ni langu.

Tunaishi Moshono, Arusha. Uwanja wa kawaida tu, upande wa barabara kuna ukuta na geti, upande wa chini kuna seng'enge na nje yake kuna njia ambayo wafugaji wanapitisha ng'ombe jioni. Nyumbani tupo mimi, mume wangu, watoto wawili, mama mkwe ambaye alihamia kwetu kutoka Marangu, na kijana anayetusaidia kazi za nje. Mbwa ni wanne. Mzee ni dume, koko, umri miaka tisa wakati haya yanatokea, tulimuokota Ngaramtoni akiwa kadogo kabisa. Njugu ni kajike keupe kenye manyoya, chotara, ni mbwa wa binti yangu. Halafu Tausi na Shaba, majike wawili Jemani shepadi, tumbo moja, tuliwachukua Oktoba 2021 wakiwa na wiki 8.

Aliyetuuzia alituambia chukueni wawili, mmoja peke yake atawasumbua usiku kwa kulia, wakiwa wawili watafarijiana. Na kweli hawakulia hata usiku mmoja. Walilala kwenye boksi moja, walikula ugali na dagaa kwenye sufuria moja, tukitoka kutembea tunatoka nao wote wawili, ukimwita mmoja wanakuja wote, tukawa tunawaonyesha wageni jinsi wanavyopendana. Sasa papi, yaani mtoto wa mbwa, ana kipindi chake cha kuizoea dunia, kuanzia kama wiki ya 3 mpaka kama wiki ya 14 hivi, anachokutana nacho kipindi hicho akikiona cha kawaida anakibeba maisha yake yote. Wa kwetu walikutana na bodaboda, mvua ya radi, watoto wa jirani, daktari na sindano yake, vyote vizuri kabisa, ila kila kitu walikutana nacho wakiwa wamegusana mabega. Tausi mbele, Shaba nyuma yake. Siku ya kwanza kuwatenganisha walishafika miezi saba, Tausi alikuwa ameumia wayo tukampeleka kwa daktari wa mifugo peke yake, tunarudi tunakuta Shaba amekwaruza mlango wa stoo mpaka rangi imetoka na kucha moja inavuja damu. Tukasema maskini, kammisi dada yake. Tukawarudisha pamoja.

Simaanishi kwamba ndugu wa tumbo moja lazima waje kupigana, nimeona wengi wanazeeka pamoja kwa amani. Ninachosema ni kwamba wetu walilelewa kama mbwa mmoja mwenye miguu nane, na Shaba hakuwahi kujifunza kuwa Shaba.

Mwaka 2022 tukaenda Nairobi kwa shemeji, tukapitia Namanga, na wikendi hiyo akatupeleka kuangalia maonyesho ya mbwa ya East Africa Kennel Club. Sijui kama naweza kueleza vizuri nilivyojisikia. Pale ringini mbwa anasimama, mguu mmoja wa nyuma umevutwa nyuma kidogo, shingo juu, ametulia kama picha, jaji anakuja anampapasa mgongo, anafungua mdomo anaangalia meno, halafu anaomba akimbizwe mduara na mbwa anateleza tu kama hagusi ardhi. Nilirudi Arusha nikiwa na wazo moja kichwani. Nikasoma kiwango cha Jemani shepadi, jike anatakiwa awe na urefu wa sentimita 55 hadi 60 begani, uzito kilo 22 hadi 32, meno 42 kamili na ya juu yapite mbele ya ya chini kama mkasi. Nikachukua futi ya fundi, nikawapima nje ya veranda. Tausi 58. Shaba 61. Na Shaba alikuwa mwoga kidogo kwa wageni, Tausi hana habari, anamfuata yeyote mwenye maini mfukoni.

Basi Tausi akachaguliwa. Tausi akaanza kutoka peke yake, Tausi akaanza kupewa vipande vya maini, Tausi akasimamishwa verandani kila jioni, na Shaba akawa anafungiwa bandani akiangalia kupitia mbao. Baadaye nikasema hapana, na yeye nimfanyie mazoezi kidogo, angalau azoee kushikwa. Nikawa namaliza na Tausi, namtoa Shaba, namsimamisha, nafungua mdomo.

Akaanza kunguruma.

Hakung'ata, hakutoa meno, alinguruma tu kwa chini, ule mngurumo unausikia mkononi kabla haujafika sikioni kwa sababu umeshika taya. Mume wangu alikuwa amekaa pale na chai akasema mbwa wa shoo hangurumi, huyo akimfanyia jaji hivyo anatolewa nje. Na ni kweli, kiwango chenyewe kinasema mbwa mkali au mwoga kupita kiasi anaondolewa. Kwahiyo tukaweka sheria ya nyumba nzima, Shaba akinguruma popote, kwa yeyote, anakemewa kwa nguvu, na akirudia anapigwa kandambili ya pua. Watoto waliambiwa, kijana aliambiwa, mama mkwe ndo alishika hiyo kazi kuliko wote kwa sababu anashinda nyumbani. Shaba akimngurumia Njugu kwenye mfupa, kandambili. Akimngurumia Tausi aliyemkanyaga amelala, kandambili. Baada ya wiki chache mngurumo ukaisha kabisa. Nakumbuka nilimwambia mume wangu, "Umeona? Amekomaa sasa." Nilifurahi kweli. Hiyo ilikuwa Novemba 2022.

Jumamosi moja mwezi wa pili 2023, saa kumi na moja na nusu jioni hivi, ng'ombe wakapita nje ya seng'enge. Mbwa wote wanne wakakimbia kubweka, ni kawaida yao, wanakimbia sambamba na uzio mpaka kona ya tangi la maji halafu wanarudi. Kwenye ile kona pana nafasi ndogo, kati ya tangi na nguzo haipiti hata mita moja na nusu. Tausi aliingia kwanza, Shaba akamgonga kwa nyuma, na bila sauti yoyote, nasema bila sauti, Shaba akamshika Tausi shingoni chini ya sikio. Kelele zote zilikuwa za Tausi. Shaba alikuwa kimya kama anafanya kazi.

Tulifanya kila kosa. Nilipiga kelele. Binti yangu akapiga kelele. Kijana wetu akakimbia akawashika mikanda ya shingo, na hapo ndo watu wanaumia, mbwa akiwa kwenye ile hali haangalii ni mkono wa nani, Shaba aliachia sekunde moja akarudi, akashika mkono wa kijana katikati ya kidole gumba na cha shahada. Mume wangu alifika na ndoo ya maji, akawamwagia, haikusaidia. Kilichosaidia ni yeye kumshika Shaba miguu yote miwili ya nyuma juu ya goti, mimi Tausi hivyohivyo, tukawainua kama toroli na kurudi nyuma kwa pamoja, tena kwa kuzunguka ili wasigeuke kutung'ata. Watu wawili, kila mtu na mbwa wake, kwa wakati mmoja. Ukiwa peke yako bora uingize ubao au mfuniko wa pipa katikati yao kuliko mkono.

Mkono wa kijana tuliuosha bombani kwa sabuni dakika kumi na tano kwa saa, maji yanatiririka, halafu hospitali moja kwa moja. Mbwa wetu wote wana kadi za chanjo, lakini kichaa cha mbwa dalili zake zikishatokea kwa binadamu karibu hakuna anayepona, kwahiyo hatukutaka kubahatisha, akaanza chanjo na Shaba akakaa chini ya uangalizi siku 10. Njiani kwenye gari yule kijana aliniambia, "Dada, msimpige Shaba, mkono niliupeleka mwenyewe." Mkono umefungwa kanga yangu, damu inapita, na anamtetea mbwa.

Vidonda vya Tausi kwa nje vilikuwa matundu manne tu madogo. Daktari akanyoa manyoya, akaingiza kifaa kwenye tundu moja kikazama zaidi ya sentimita tatu. Nawaambia kila mtu hili, jino la mbwa linatoboa padogo na kuchana ndani, usipake spiriti ukasema kidogo tu hiki.

Baada ya hapo kila mtu akawa na maelezo yake. Jirani alisema walishwe pilipili kidogo ukali wao uende kwa wezi, hilo tulilikataa palepale, pilipili inamuumiza mbwa tumbo tu. Mtu mwingine ambaye anafundisha mbwa wa ulinzi akatuambia kwa uhakika mkubwa kwamba Shaba anataka ubosi, kwahiyo tumsaidie bosi halali ambaye ni Tausi, Tausi ale kwanza, apite mlangoni kwanza, na Shaba akileta ujeuri tumlaze chali tumkandamize mpaka akubali. Tulifanya wiki mbili. Sitaki hata kukumbuka macho yake. Ugomvi ukaongezeka.

Baadaye ndo nikaja kusoma habari ya huo ubosi imetokea wapi. Ni uchunguzi wa mbwa mwitu, wale wanaoitwa wolf kwa Kiingereza, siyo hawa wa mbugani kwetu, waliofungiwa pamoja, wasio ndugu, wakawa wanagombania kila kitu, watu wakasema basi mbwa wote wanaishi hivyo. Mtafiti Mmarekani David Mech, mmoja wa waliolisambaza neno hilo katika maandishi yake ya 1970, ndo huyohuyo aliyeandika mwaka 1999 baada ya kuwafuatilia mbwa mwitu porini kwamba kundi la kawaida ni baba, mama na watoto wao tu, familia, hakuna kupigania kiti. Sisemi mbwa hawajui nani anaogopa nani, wanajua sana. Ila kumkandamiza Shaba chini hakukuwa jibu la chochote alichokuwa anasema.

Kilichotusaidia kilianza na daftari la shule la mwanangu. Nikawa naandika kila tukio, hata lile la kukodoleana macho tu: siku, saa, mahali, nani alikuwepo, nini kilitokea nusu saa kabla. Kuanzia Februari mpaka mwanzoni mwa Mei yalifika tisa. Nikakaa nayo mezani usiku mmoja. Sita yalitokea kona ya tangi au getini, mawili verandani, moja mlango wa jikoni ambapo mifupa ya bucha ilikuwa imewekwa chini. Hakuna hata moja la usiku, hakuna hata moja la asubuhi. Manne yaliangukia ndani ya wiki tatu za Machi ambapo wote wawili waliingia joto pamoja, yaani kile kipindi jike anataka dume, na hilo daktari alishanitahadharisha, majike wa nyumba moja wakikaribia miaka miwili na wakiwa kwenye joto, uvumilivu unapungua sana. Lakini safu iliyonishtua ni ya mwisho. Katika matukio tisa, manane yalitokea ndani ya saa moja baada ya mimi kumaliza mazoezi ya verandani. Mimi. Hata yale ya kona ya tangi.

Nikampeleka Shaba kwa daktari mwingine, nikamwomba amwangalie kila kitu kana kwamba hamjui. Alipofika mdomoni Shaba hakunguruma, alikaza mwili tu, akageuza kichwa, akalamba pua, na nikaona weupe wa jicho umetokea pembeni kama mwezi mwembamba. Daktari akasimama. Akasema "huyu ana maumivu, na anaogopa kusema." Akamdunga usingizi mwepesi ndo akafungua. Jino kubwa la juu kulia, lile la kusagia ambalo ndo kubwa kuliko yote upande huo, limepasuka kwa urefu, katikati kuna kidoa cheusi ambapo ndani ya jino pameachwa wazi. Alisema inatokea sana kwa mbwa wanaopewa ile mifupa migumu ya mguu wa ng'ombe kutafuna, na kwa jinsi lilivyokaa halikuwa la wiki hiyo wala mwezi huo.

Nilikaa kwenye benchi pale nje nikalia. Kila siku jioni nilikuwa nashika taya la mbwa mwenye jino lililopasuka, nalifungua, na alipojaribu kuniambia linauma kwa njia pekee aliyopewa, nilimpiga kandambili. Mpaka akaacha kuniambia. Halafu anatoka pale verandani maumivu yamewaka, anafunguliwa na wenzake, ng'ombe wanapita, wanakimbia, wanabanana kona ya tangi, Tausi anamgusa. Zamani angenguruma na Tausi angepisha, mbwa hawa walishaelewana hivyo tangu wakiwa wadogo. Lakini kunguruma tulishakuondoa. Kilichobaki ni jino.

Ndo maana nasema haikuwa ghafla. Mngurumo ni kama honi ya daladala kwenye kona mbaya. Ukikata waya wa honi gari halijawa salama.

Jino liling'olewa, na kwa usingizi uleule Shaba akatolewa kizazi. Daktari alinieleza wazi kwamba kutoa kizazi siyo dawa ya ugomvi wa majike, kunaondoa tu yale makali ya kipindi cha joto, na mimi naona alisema kweli. Tausi tulimwacha kwa sababu ya mpango wa maonyesho. Shaba sasa ana meno 41.

Na jamani, jino kutoka siyo kwamba wakakumbatiana. Tausi alishaumizwa mara tano, akimwona tu Shaba anakaza mkia, na Shaba akimwona Tausi amekaza mkia na yeye anakaza. Hofu ilishakuwa ya pande zote. Kazi kubwa ilianzia hapo.

Tulikata uwanja katikati kwa seng'enge na geti dogo, na hatukuwaacha pamoja hata dakika moja kwa wiki sita. Wanapokezana, wawili nje wawili ndani, kila mmoja na Mzee au Njugu. Kona ya tangi tukaizungushia mabati mpaka chini, wasione ng'ombe, na ikikaribia saa kumi na moja mbwa wote wanaitwa ndani kabla wafugaji hawajafika. Hilo la mabati ni la bei ndogo kuliko vyote na naamini ndo lililopunguza mambo kwa haraka. Chakula kila mmoja na bakuli lake, chumba chake, mlango umefungwa, bakuli linatolewa ndo mlango unafunguliwa. Mifupa migumu imepigwa marufuku.

Halafu Shaba akaanza maisha yake. Kijana wetu, mkono ukiwa umepona, aliomba mwenyewe awe anamtembeza. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu wanatoka wawili tu, wanashuka mpaka kwenye migomba ya chini, wanarudi. Wiki ya kwanza Shaba alikuwa anasimama kila hatua kumi anageuka kumtafuta Tausi. Wiki ya nne kijana akarudi anacheka, ananiambia, "Dada, leo hajageuka hata mara moja, amemkimbiza kunguru." Mbwa mwenye karibu miaka miwili, ndo kwanza anamkimbiza kunguru kwa akili yake mwenyewe.

Wote wawili tukawafundisha kuvaa kile kikapu cha mdomoni cha waya, siyo cha kitambaa kinachofunga mdomo kabisa, cha waya kinamwezesha kuhema, kunywa maji na kupokea kipande cha maini. Kilichukua wiki tatu, kwanza maini yanawekwa ndani ya kikapu kama sahani, anaingiza pua mwenyewe, anatoa, mikanda hufungi mpaka yeye ndo anakisukumia uso. Halafu matembezi ya pamoja, mimi na Tausi upande mmoja wa barabara, kijana na Shaba upande wa pili, mita ishirini katikati, wote wanaelekea mbele, hawaangaliani. Tukafika mita kumi, tano, tatu. Mzee tulimpitisha katikati, sijui mbwa yule anajuaje, akikuta hali imekaza anatembea polepole katikati yao anamnusa mmoja sikio kisha anaenda zake.

Lakini gumu kuliko yote lilikuwa kandambili, na hapa namzungumzia mama mkwe kwa heshima zote kwa sababu alinifundisha kitu. Nilimwendea jioni moja nikamwamkia, nikakaa chini nikamwambia, "Mama, tulikosea, kuanzia leo Shaba akinguruma tusimpige." Akaniangalia. "Mwanangu, mbwa anakungurumia ndani ya nyumba yako, umwache?" Nikamweleza habari ya jino. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema kule nyumbani walikuwa na ng'ombe akikamuliwa anapiga teke, marehemu baba mkwe akampiga siku tatu, siku ya nne wakakuta chuchu ina usaha. "Kumbe ndo yaleyale," akasema. Tangu hapo yeye ndo mwalimu wa watoto. Anawaonyesha, mkiona amelamba pua na chakula hakipo, mkiona amepiga miayo na siyo usingizi, mkiona mdomo uliokuwa wazi umefungwa ghafla, basi anaomba nafasi, mpisheni kabla hajanguruma, na akinguruma simameni, msimguse, muiteni kwa jina aje kwenu.

Mngurumo ulichukua miezi kurudi. Ulirudi Julai, kwenye baridi, Njugu alitaka kulala juu ya mguu wake. Kalikuwa kamngurumo kafupi, kama mtu anayesafisha koo. Njugu akahama. Nilimtupia Shaba kipande cha maini na mikono ilikuwa inatetemeka.

Kuna kipindi katikati hapo mume wangu alitaka Shaba aende kwa rafiki yake mwenye shamba Usa River, na simlaumu, tulikuwa tumechoka, nyumba imekuwa ya kufungua na kufunga milango, ukisahau mmoja tu ni hospitali. Mimi siamini kwamba kumhamisha mbwa ni dhambi, kuna nyumba ambazo ndo suluhisho pekee, hasa zenye watoto wadogo au ambako hakuna mtu wa kusimamia milango. Nilichokataa ni kwamba kule alikuwa anakwenda kufungwa mnyororo mchana na kuachiwa usiku. Angekuwa ameadhibiwa mara ya pili kwa jino lake. Tukakubaliana tupeane mpaka Desemba, kama kuna kidonda kingine kimoja basi tutafute familia ya mbwa mmoja. Hakikutokea.

Mazoezi ya verandani nimeyabadilisha yote. Natandaza kiganja, nasubiri. Tausi anakuja anaweka kidevu juu ya kiganja, kidevu kikiwa pale naweza kuinua mdomo wa juu niangalie meno, akikitoa naacha papo hapo, sishiki. Siku za kwanza aliweka sekunde mbili. Sasa hivi anaweka mpaka nahesabu meno yote upande mmoja, na hakuna anayemshika. Na mtu yeyote anayeandaa mbwa kwa ajili ya jaji namwomba aanze hapa, kwa sababu utulivu wa mbwa aliyekatazwa kusema na utulivu wa mbwa anayejua anaweza kuondoka kwa mbali vinafanana, ringini vinaweza hata kupata alama sawa, tofauti yake utaiona nyumbani.

Tausi bado hajaenda Nairobi. Karatasi za kuvuka Namanga tunajua utaratibu wake, chanjo ya kichaa cha mbwa, cheti cha afya, kibali, lakini bado sijaona ninawezaje kuwa mbali siku tatu na ratiba ya milango ikashikwa sawasawa. Itafika. Haina haraka niliyokuwa nayo mwanzo.

Shaba naye kila jioni anakuja verandani anaangalia. Simwiti. Mwezi uliopita alikuja mwenyewe baada ya Tausi kuingizwa ndani, akasimama, akaangalia kiganja changu kwa muda, akaweka kidevu. Nilihisi uzito wake wote. Sikufungua mdomo wake, sikufanya chochote, nilihesabu mpaka nne akatoa, akapewa ini lake akaenda kwa mama mkwe akalala kwenye miguu yake.

Usiku wanalala mabanda tofauti na geti la katikati lina komeo mbili. Mchana wanakaa pamoja kama saa moja, mtu mzima akiwepo, vikapu mdomoni, upande wa juu tu, mbali na tangi. Juzi Tausi alipita karibu mno, Shaba akanguruma, Tausi akageuza kichwa akazunguka kwa nje ya ndoo. Mama mkwe hakuinua hata macho kwenye mchele aliokuwa anachambua.